Si Kila Kitu ni Mshipa: Tufahamu Maneno ya Hopitali Kuhusu Misuli



Katika makanisa yetu ya Mashariki, wakati wa kuwaombea wagonjwa, kuna neno moja ambalo halikosi kusikika: mshipa. Mama mmoja anaumwa mshipa wa mgongo. Baba mwingine mshipa wa shingo umemkaza. Mtoto alipigwa shindano, wanasema mshipa ulikatika, na sasa anaburuta mguu. Kijana ana mshipa chini ya tumbo, unatoka akibeba mzigo na kurudi akilala. Tunawaombea wote wanne, na ni vema. Lakini hao wanne hawana ugonjwa mmoja. Wawili wa kwanza pengine wana shida ya misuli, ambayo kwa kawaida hupona kwa kupumzika kidogo na kwa mazoezi. Mtoto ameumia neva. Kijana ana ngiri, na siku ikikataa kurudi ndani inaweza kumwua kwa siku chache tu. Neno moja limewafunika wote, na anayesikia hajui nani wa kukimbizwa hopitali leo.

Kwa upande mwingine, karatasi ya hopitali inaandikwa kwa Kifaransa: "myalgie", "contracture", "hypotonie", "myome", "IM". Mgonjwa anaikunja, anaiweka ndani ya Biblia, anarudi nyumbani bila kuelewa aliambiwa nini. Kisha jirani anamfasiria, na mara nyingi jirani anafasiria kwa woga.

Katika makala hii hatutaki kumgeuza msomaji kuwa daktari. Tunataka kufungua maneno machache yanayohusu misuli, kwa sababu jina tunalolipa ugonjwa ndilo linaloamua tutampeleka mgonjwa wapi, na kwa haraka gani.

Neno moja, vitu vitano

Tuanze na neno letu wenyewe. Tunaposema "mshipa" tunaweza kuwa tunasema mojawapo ya vitu hivi.

Msuli ni ile nyama nyekundu inayoshika mifupa na kuisogeza. Mwili una misuli zaidi ya 600, na kwa mtu mzima misuli peke yake inakaribia asilimia 40 ya uzito wake. Msuli wa mifupa unajua kazi moja tu, kuvuta, hauwezi kusukuma. Ndiyo maana misuli hufanya kazi wawili wawili: mmoja unakunja mkono, mwenzake upande wa pili unaunyosha.

Kano ni kamba nyeupe na ngumu inayofunga msuli kwenye mfupa. Shika nyuma ya mguu wako juu ya kisigino, utaisikia iliyo nene kuliko zote. Waganga huiita "tendon".

Neva ni uzi unaobeba amri kutoka kwenye ubongo na uti wa mgongo hadi kwenye msuli, na kurudisha habari za maumivu na joto. Kwa Kifaransa ni "nerf". Neva ikikatika, msuli unabaki mzima lakini haupati amri.

Mshipa wa damu ni bomba. Ateri inapeleka damu kutoka moyoni, vena inairudisha.

Ngiri, ambayo karatasi huiita "hernie", si kitu cha tano cha kuzaliwa nacho kama vile vinne. Ni tundu au udhaifu katika ukuta wa misuli ya tumbo, na utumbo unapitia hapo. Haichuliwi wala haikandwi. Ikiwa uvimbe umekuwa mgumu, unauma, haurudi, na mgonjwa anatapika, basi ni upasuaji wa siku hiyo hiyo.

Hatupaswi kuona haya kwa kuchanganya maneno haya, kwa sababu hata katika Biblia ya Kiswahili ambayo wengi wetu tunaisoma neno ni hilo hilo. Katika Ezekieli 37, mifupa mikavu inapovikwa mwili, inatajwa mishipa kwanza, ndipo nyama, ndipo ngozi. Pale mishipa ni kano zinazofunga mfupa. Katika Mwanzo 32, Yakobo anapoguswa pajani, neno ni mshipa tena, lakini Wayahudi tangu zamani wameelewa kwamba ni ile neva kubwa inayopita kwenye tako na kushuka mguuni. Msomaji wa Biblia hapati hasara kwa hilo. Mgonjwa aliye mbele ya muganga anaweza kuipata.

Jinsi ya kufungua neno refu

Majina mengi ya kiganga yametoka katika Kilatini na Kigiriki. Mwaka 1895, wataalamu walikutana Basel, Uswisi, wakapatana juu ya orodha moja ya majina ya viungo, ili daktari wa nchi moja aelewane na wa nchi nyingine. Orodha hiyo imesahihishwa mara nyingi, na mwaka 1998 ikatoka mpya. Ndiyo maana muganga aliyesoma Bukavu na yule aliyesoma Kampala wanaweza kuonyesha msuli mmoja na kuuita jina moja.

Neno la Kifaransa "muscle" lina asili ya kuchekesha. Katika Kilatini "musculus" maana yake ni panya mdogo. Ukikunja mkono kwa nguvu, kile kivimbe kinachopanda na kushuka chini ya ngozi kilifananishwa na panya anayekimbia chini ya nguo. Wagiriki nao walitumia neno moja kwa panya na kwa msuli, na kutoka kwao tumepata kipande "myo". Ukiona "myo" au "my" mwanzoni mwa neno la hopitali, mara nyingi linazungumzia msuli.

Mwisho wa neno nao unasema jambo. "Algie" ni maumivu: "myalgie" ni maumivu ya misuli, kama yale ya malaria au mafua. "Ite" ni sehemu iliyovimba na kuwaka: "myosite" ni msuli, "tendinite" ni kano. "Trophie" ni lishe na ukuaji: "amyotrophie" ni msuli uliokonda. "Plégie" ni kupooza kabisa, na "parésie" ni kudhoofika bila kupooza kabisa. "Hémi" ni nusu ya mwili, "para" ni miguu miwili. Kwa hiyo baba aliyeandikiwa "hémiparésie" amedhoofika upande mmoja wa mwili. Tatizo lake kwa kawaida liko kichwani, katika ubongo, si katika mkono anaouchua kila jioni.

Misuli yenyewe imepewa majina kwa umbo au kwa kazi. "Biceps" ina vichwa viwili, "triceps" vitatu, "quadriceps" ya mbele ya paja vinne. "Deltoïde" ya bega ina pembe tatu kama herufi ya Kigiriki delta. Msuli mrefu kuliko yote, unaotoka nyongani na kuvuka paja hadi chini ya goti, uliitwa kwa jina la fundi wa kushona nguo, kwa sababu unasaidia kukunja miguu kama mafundi wa zamani walivyokaa wakishona.

Na si misuli yote inatii mapenzi yetu. Misuli ya mifupa tunaiamuru. Misuli laini ya tumbo, ya utumbo, ya mishipa ya damu na ya mji wa mimba hufanya kazi bila kutuuliza. Msuli wa moyo, "myocarde", ni wa aina yake peke yake, nao haupumziki kama mkono unavyopumzika tangu tumboni mwa mama hadi kifo.

Herufi mbili zenye uzito: IM na IV

Kwenye ordonansi tazama herufi zinazofuata jina la dawa. "IM" maana yake dawa inachomwa ndani ya msuli. "IV" maana yake ndani ya vena. Kuna watu wanaomwomba muganga "shindano ya mshipa" wakiamini ina nguvu zaidi. Wapendwa, hilo si jambo la kuchagua kama kitenge sokoni. Penisilini ya benzathini, kwa mfano, inachomwa kwenye msuli tu. Ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kusimamisha moyo.

Shindano ya msuli nayo ina mahali pake. Ile neva kubwa tuliyoitaja katika habari ya Yakobo inapita ndani ya tako. Kwa mtoto mdogo, hasa aliyekonda, nyama ya tako ni chache na neva iko karibu. Shindano ikiigusa, mguu unaweza kulegea siku hiyo hiyo, na wayo ukashindwa kuinuka. Kwa sababu hiyo watoto wachanga huchomwa mbele ya paja, upande wa nje, ambako kuna msuli wa kutosha na hakuna neva kubwa. Mama ana haki ya kuuliza kwa upole, "Muganga, mtoto utamchoma wapi?" Na ana haki ya kuuliza kama hakuna dawa ya kumeza. Shindano inayopigwa nyumbani na mtu asiyesomea, kwa homa ndogo ambayo kidonge kingetosha, imewaacha watoto wengi na mguu mmoja mwembamba.

"Myome": neno linalovunja nyumba bila sababu

Mama anafanya ekografi, karatasi inasema "myome" au "fibrome". Nyumbani maneno yanaanza: ni kansa, au kuna mtu amemfunga tumbo. Ndoa nyingine zinatikisika hapo.

Tufungue neno. "My" ni msuli, "ome" ni uvimbe. Mji wa mimba umejengwa kwa misuli laini yenye nguvu, ile inayomsukuma mtoto siku ya kuzaa. Wakati mwingine kipande cha msuli huo kinakua kupita kiasi na kuwa kama fundo. Hiyo ndiyo "myome". Si kansa, na ni mara chache sana uvimbe wa namna hiyo hugeuka kuwa kitu kibaya. Wanawake wengi wanayo bila kujua, na kwa kawaida inapungua wanapofika umri wa kukoma hedhi. Inapomtoa mama damu nyingi hadi anaishiwa nguvu, inapomletea maumivu, au inapozuia mimba, kuna dawa na upasuaji. Hakuna jirani aliyeitia, na hakuna mchawi wa kutafuta.

Kuna misuli mingine ambayo mama zetu hawaitaji kabisa kwa haya. Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kama kitambaa cha machela, inayoshika kibofu, mji wa mimba na utumbo. Karatasi husema "périnée" au "plancher pelvien". Uzazi mgumu unaweza kuichana, na ukatili dhidi ya wanawake, ambao eneo letu limeujua sana, umeichana pia. Hopitali ya Panzi huko Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege chini ya kanisa la CEPAC, imejulikana duniani kwa kutengeneza majeraha ya namna hii, naye akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018. Mama ambaye mkojo unamtoka bila kutaka husema tu "naumwa tumbo", na kwa neno hilo anaandikiwa dawa ya minyoo. Akisema wazi, anaweza kusaidiwa kwa mazoezi au kwa upasuaji. Mama za kanisa, hasa viongozi wa vikundi, mnaweza kulifundisha neno hili kwa faragha, mwanamke kwa mwanamke.

Pepopunda si pepo

Kiswahili kimeipa "tétanos" jina la pepopunda, na ndani ya jina hilo limo neno pepo. Haishangazi kwamba familia nyingi huanza kwa kufukuza pepo.

Neno "tétanos" kwa Kigiriki lina maana ya kukazwa, kuvutwa kama kamba. Vijidudu vyake vinakaa ardhini na katika mavi ya wanyama. Vinaingia kwa kidonda, au kwa kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu au kupakwa vitu visivyo safi. Sumu yake inazuia zile neva zinazoiambia misuli ilegee. Hapo kila msuli unavuta, na hakuna unaoachilia. Taya linajifunga, na karatasi inaandika "trismus". Mgongo unapinda kama upinde. Mtoto mchanga alinyonya na kulia vizuri siku mbili za kwanza, kisha kati ya siku ya tatu na ya 28 akashindwa kunyonya na mwili ukakakamaa. Mtoto huyo apelekwe hopitali saa hiyo hiyo.

Na hapa tuna neno kwa wachungaji na wazee wa kanisa. Sauti kubwa, mwanga mkali na kuguswaguswa huamsha mkazo mpya wa misuli, na mkazo huo unaweza kumzuia mgonjwa kupumua. Ndiyo maana hopitali humlaza mahali pa giza na kimya. Tukienda kumwombea, tuombe kwa sauti ya chini, au tuombe nje ya chumba. Mungu anayesikia kilio anasikia pia mnong'ono. Kinga ni chanjo ya mama mjamzito, chanjo za mtoto, na wembe mpya kwa kila kitovu.

Mguu mlegevu na mguu mkakamavu

Mtu asipotembea tunasema amepooza, basi. Waganga wanauliza zaidi: mguu umelegea kama kitambaa, au umekaza kama kuni? Mlegevu wanauita "flasque", mkakamavu "spastique".

Mtoto wa chini ya miaka 15 ambaye mguu au mkono umelegea ghafla, bila kuanguka wala kupigwa, lazima atangazwe kwenye kituo cha afya. Karatasi itaandika "PFA". Huenda ni polio, huenda ni jambo jingine, lakini choo chake kinapaswa kuchukuliwa mara mbili, kwa muda wa saa 24 katikati, kabla siku 14 hazijapita. Familia inayongoja mwezi mzima wa maombi ya ndani imepitisha muda huo. Mwambieni reko wa mtaa siku hiyo hiyo, na maombi yaendelee.

Ugonjwa wa miguu mikakamavu una jina ambalo nchi yetu imelipa ulimwengu: konzo. Ni neno la Kiyaka, la kule Kwango, lenye maana ya miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938, na leo vitabu vya madaktari duniani kote vinatumia neno hilo hilo la Kikongo. Mtu analala mzima, anaamka miguu yote miwili imekaza. Misuli haijafa, kilichoharibika ni njia ya amri kutoka kwenye ubongo, nayo haiponi. Unatokana na muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, ukiliwa siku nyingi bila maharage, samaki au nyama. Hatari inaongezeka wakati wa vita na njaa, maana watu wanaokimbia hawana siku tatu za kungoja muhogo ndani ya maji. Tuloweke, tuanike juani, na tuweke maharage kando ya ugali hata kama ni kidogo.

Kwa kila aliyepooza, au aliyetoka kwenye plasta baada ya kuvunjika, kumbukeni neno "amyotrophie". Msuli usiotumika unakonda haraka. Mtaalamu wa mazoezi, yule tunayemwita kine, si anasa. Kumfungia ndugu mlemavu ndani kwa huruma ni kuikondesha misuli iliyobaki.

Tufanye nini makanisani

Kwanza, tunapotoa ombi la mgonjwa, tuonyeshe mahali kwa kidole na tueleze kwa maneno matatu: ni wapi, tangu lini, na ni nini hakiwezi kufanyika. "Tangu jana wayo wa kulia hauinuki" inamsaidia muganga kuliko "ana mshipa".

Pili, tusiondoke hopitali kabla ya kuuliza: "Neno hili maana yake nini kwa Kiswahili?" Muganga mwema hachukizwi na swali hilo. Na kama katika ushirika wenu kuna muuguzi, mpeni dakika kumi baada ya ibada kuwasomea watu karatasi zao, kila mtu peke yake, maana ugonjwa wa mtu si tangazo.

Tatu, maumivu ya mgongo yakifuatana na miguu kudhoofika au mkojo kushindwa kuzuilika, tusichue. Tupeleke hopitali siku hiyo.

Zaburi 139 inatufundisha kwamba tumeumbwa kwa namna ya ajabu. Tukijua majina ya sehemu zile za ajabu, tutazitunza vizuri zaidi, na tutaombeana tukijua tunaomba nini. Bwana awape afya, ninyi na nyumba zenu.